Timazi Ndani ya Goti

Piga picha ya eksirei ya mguu mzima wa mtu aliyesimama, kuanzia nyonga hadi unyayo, kisha chora mstari kutoka katikati ya kichwa cha fupa la paja hadi katikati ya kifundo. Kwa muda unaokaribia miaka hamsini, taaluma ya kuweka magoti bandia imeuuliza mstari huo swali moja: baada ya upasuaji, unapita katikati ya goti au la? Ukipita, kazi imehesabiwa njema. Ukikengeuka zaidi ya nyuzi 3 upande wowote, goti limeandikwa katika safu ya yaliyokosewa, hata kama mwenye goti anapanda ngazi bila kulalamika. Katika sura hii nitatetea wazo kwamba mstari ule ulikuwa kanuni ya usalama, na kwa zama zake ulikuwa kanuni nzuri sana. Mambo yaliharibika pale kanuni ilipoanza kuchukuliwa kuwa ndiyo picha ya mguu wa binadamu mzima. Lakini waliojitokeza kuipinga nao wako karibu kuteleza upande wa pili, wanapodhani kwamba kanuni iliyotungwa kwa sababu za jana haina sababu yoyote leo.

Tuanze na kinachofanyika mezani. Daktari hang'oi goti. Anakata tabaka jembamba la mfupa, kwa kawaida pungufu ya sentimita moja na nusu, kwenye ncha ya chini ya fupa la paja na kwenye kichwa cha muundi. Ncha ya paja anaivika metali, aghalabu aloi ya kobalti na kromiamu. Juu ya muundi anaweka sahani ya metali, na kati yake kipande cha plastiki ya polithini kinachoshika nafasi ya gegedu iliyosagika. Mara nyingi sehemu za metali hushikizwa kwenye mfupa kwa saruji ya mifupa. Kinachobaki cha zamani ni kano za pembeni, misuli na ngozi. Hapo ndipo mgogoro wote unapozaliwa, kwa maana kano hizo zilikua pamoja na goti la kwanza, zikazoea urefu wake na mteremko wake, na sasa zinatakiwa kulishika goti ambalo halikukua nazo. Msumeno ukiinama nyuzi 2 au 3 zaidi upande mmoja, kano ya upande huo italegea na ya upande wa pili itakazwa, au kinyume chake. Upangaji, kama tutakavyouita hapa, ni uamuzi wa mahali na mwelekeo wa kila mkato. Mgonjwa hauoni, na pengine hatausikia ukitajwa, lakini hauwezi kuepukika: hata daktari asiyefikiri juu ya upangaji amechagua upangaji, yaani ule uliomo kwenye vifaa alivyofungua asubuhi hiyo.

Vifaa hivyo vilirithi fikra za miaka ya 1970. Michael Freeman jijini London na John Insall katika Hospital for Special Surgery ya New York ndio waliotajwa sana katika kuligeuza goti bandia kutoka bawaba ya chuma kuwa kitu kinachofanana na goti. Bandia ya New York iliyoitwa total condylar ilianza kutumika mwaka 1974. Shida yao haikuwa jinsi ya kumfanya mgonjwa asahau kwamba ana goti bandia. Shida ilikuwa kulizuia lisilegee na kung'oka ndani ya miaka michache. Plastiki ya wakati ule ilisagika upesi, saruji ilipasuka, na vifaa vya kuongozea msumeno vilikuwa na makosa makubwa. Katika hali hiyo walifanya alichofanya kila mwashi tangu kale anapojenga ukuta utakaobeba paa: walishusha timazi. Muundi ukakatwa kwa pembe mraba na mhimili wake, fupa la paja likakatwa kwa pembe mraba na mstari wa nyonga hadi kifundo, na uzito ukatarajiwa kugawanyika sawasawa pande mbili za plastiki. Huo ndio upangaji wa kimakanika. Ushahidi ulionekana kuuunga mkono. Mwaka 1991 utafiti mmoja wa Uingereza uliochunguza magoti 115 ya aina ya Denham ulikuta kwamba pale mstari ulipopita karibu na katikati ya goti, asilimia 3 tu ya bandia zililegea; ulipopita pembeni, zililegea asilimia 24. Namba kama hiyo haihitaji mhubiri. Kizazi kizima cha madaktari kilifundishwa kwamba nyuzi 3 ndiyo mpaka kati ya kazi safi na uzembe.

Ila mguu wa binadamu haukujengwa na mwashi. Kwa wastani kichwa cha muundi kimeteremka takriban nyuzi 3 kuelekea upande wa ndani, na ncha ya paja imepinda kiasi kinachokaribia hicho upande wa pili, kiasi kwamba mguu mzima unaonekana kunyooka huku uwazi wa goti wenyewe ukiwa umelala mshazari. Mteremko huo una kazi. Tunapotembea, miguu huja karibu na mstari wa katikati ya mwili, na kwenye hatua ambayo mguu mmoja umebeba uzito wote, ule mshazari unakuwa takriban sambamba na ardhi. David Hungerford na Kenneth Krackow wa Baltimore walilijua hili, na mwaka 1985 walieleza namna ya kukata mifupa kwa kuufuata mteremko huo wa nyuzi 3. Upangaji wao, uliopewa jina la kianatomia, ulikuwa karibu zaidi na maumbile kuliko wa timazi, na bado ulishindwa kuenea. Sababu ya kushindwa kwake inafundisha kuliko ushindi wa wapinzani wake. Vifaa vya wakati ule viliweza kukosea nyuzi 3 kwa urahisi. Aliyelenga sifuri akakosea, aliishia kwenye 3. Aliyelenga 3 akakosea upande huo huo, aliishia kwenye 6, na kwa plastiki ya mwaka 1985 nyuzi 6 za muundi ulioinamia ndani zilikuwa tiketi ya kurudi mezani. Kwa hiyo timazi ilishinda kwa kuwa ilisamehe makosa ya mkono. Haikuwahi kuthibitisha kwamba ndivyo mtu alivyo.

Uthibitisho wa jinsi mtu alivyo ulichelewa mno kufika. Mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake nchini Ubelgiji walipiga picha za miguu ya vijana 250 wenye umri wa miaka 20 hadi 27, ambao hawakuwa na maumivu wala historia ya kuumia. Asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake walikuwa na tege la nyuzi 3 au zaidi. Vipimo vilivyochukuliwa baadaye kwa watu wazima wenye afya India na Korea vilikuta kiasi cha theluthi moja. Maana yake ni kwamba daktari anayenyoosha kila mguu hadi sifuri anampa karibu mwanaume mmoja kati ya watatu mguu ambao hakuwa nao hata alipokuwa kijana anayecheza mpira. Na kunyoosha kuna gharama. Muundi wenye mteremko wa ndani ukikatwa kwa pembe mraba, mfupa unaoondolewa upande wa nje ni mwingi kuliko wa ndani; nafasi zinatofautiana; kano ya ndani inabana. Ili goti lifunguke sawasawa, daktari huanza kuilegeza kano hiyo kwa kisu, na huizungusha bandia ya paja kwa nyuzi 3 hivi kufidia kile alichokipoteza kwenye muundi. Anarekebisha marekebisho yake mwenyewe. Goti linatulia, lakini limetulia juu ya tishu zilizokatwa ili zilingane na jiometri ya vifaa.

Ndipo Stephen Howell wa California, mwaka 2006, akaligeuza swali. Badala ya kuuliza bandia ikae wapi ili mguu unyooke, akauliza ikae wapi ili sura ya goti irudi ilivyokuwa kabla halijaugua. Upangaji huo wa kikinematiki una kanuni nyepesi kushangaza: unene wa mfupa unaokatwa, ukijumlisha gegedu iliyokwisha kusagika na unga uliopotea kwa meno ya msumeno, lazima ulingane na unene wa bandia inayowekwa. Gegedu iliyosagika kabisa kwenye paja huhesabiwa kuwa milimita 2, msumeno milimita 1, na kila kipande kilichokatwa hupimwa kwa kalipa papo hapo mezani. Kano haziguswi, kwa kuwa hazina sababu ya kubana. Nikitoka kidogo nje ya hoja, mbinu hii ilianza vibaya kibiashara. Miongozo ya kwanza ya kukatia, iliyotengenezwa kwa picha za goti la kila mgonjwa na kampuni ya OtisMed ya California, iliuzwa bila idhini ya mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, na mwaka 2014 kampuni hiyo ilikiri kosa la jinai na kulipa zaidi ya dola milioni 80.  Lakini kosa la muuzaji halithibitishi kosa la wazo, na kalipa, ambayo leo inafanya kazi ile ile, ni kifaa cha bei ndogo kisichohitaji idhini ya ajabu.

Pingamizi la kwanza na zito lilikuwa la uhai wa bandia: magoti haya yaliyolala mshazari yatalegea, kama yalivyolegea yale ya Denham. Hapa ushahidi umegeuka polepole. Mwaka 2010 madaktari wa Mayo Clinic walichapisha matokeo ya kufuatilia magoti 398 kwa miaka 15. Yaliyokuwa ndani ya nyuzi 3 za sifuri yalikuwa 292, yaliyokuwa nje 106, na yaliyofanyiwa upasuaji wa marudio yalikuwa asilimia 15.4 kwa kundi la kwanza na 13 kwa la pili. Mpaka mtakatifu haukuwa umelinda kitu. Sababu mojawapo ni plastiki yenyewe. Hospitali moja ya Philadelphia ilichapisha mwaka 2002 kwamba robo ya marudio yake yalisababishwa hasa na kusagika kwa polithini; ilipohesabu tena mwaka 2014, sababu hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 3.5, na nafasi yake ikachukuliwa na kulegea na maambukizi. Adui ambaye timazi ilijengwa kumzuia amepungua nguvu. Howell naye aliripoti magoti yake ya mwaka 2007 baada ya miaka kumi, na asilimia 97.5 yalikuwa bado mahali pake. Naitaja namba hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa ni ya mwasisi wa mbinu akipima kazi ya mikono yake, na mwasisi hukata vizuri kuliko mwanafunzi wa mwanafunzi wake.

Kama uhai si tatizo, je, wagonjwa wanajisikia vizuri zaidi? Swali hili ndilo lililobeba matumaini yote, maana kila anayetetea mbinu mpya huanza na takwimu ile ile ya Ontario: mwaka 2010 uchunguzi wa wagonjwa 1,703 ulikuta kwamba asilimia 19 hawakuridhika na goti lao jipya. Mmoja kati ya watano ni wengi mno kwa upasuaji unaosifiwa hivi. Majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa kura yamejibu kwa sauti zisizolingana. Huko Phoenix, Arizona, jaribio la wagonjwa 88 lililochapishwa 2014 liliwapa ushindi wa wazi waliopangwa kikinematiki, ambao magoti yao yalikunjika kwa wastani wa nyuzi 121 dhidi ya 113. Mwaka 2017 jaribio la New Zealand la wagonjwa 99 halikuona tofauti yoyote baada ya miaka miwili. Mwaka huo huo jaribio la Ujerumani la wagonjwa 200 lilikuta wastani bora upande wa kikinematiki, na hapo hapo likakuta kwamba kundi hilo lilikuwa na wagonjwa kadhaa waliofanya vibaya kabisa. Huko Australia, wagonjwa 41 waliwekewa magoti yote mawili kwa mkupuo mmoja, kila goti kwa mbinu yake. Vipimo vya utendaji havikutofautiana, lakini miongoni mwa waliokuwa na goti wanalolipenda zaidi, wengi waliuelekea upande wa kikinematiki.

Wapo wanaoyasoma majaribio haya na kusema sare. Mimi nayasoma vingine, na utafiti wa Ujerumani ndio unaonishawishi zaidi. Wastani ulipanda na mtawanyiko ukapanda. Hilo ndilo tunalopaswa kulitarajia kama mbinu inamrudishia kila mtu maumbile yake, kwa sababu maumbile ya watu hayalingani kwa wema. Mwenye tege la nyuzi 2 akirudishiwa nyuzi zake 2 anafaidika, kano zake zimetulia, anashangaa goti limekuwa lake. Mwenye tege la nyuzi 9 akirudishiwa 9, anarudishiwa pia mzigo uliokuwa unalala upande mmoja wa goti tangu ujana. Ukichanganya hao wawili katika kundi moja na kulinganisha na kundi lililonyooshwa lote, sare itajitokeza ingawa ndani yake hakuna aliyetoka sare.

Hapa linaingia pingamizi ambalo naona ndilo kali kuliko yote, na ambalo watetezi wa maumbile hulipita haraka. Goti hili limesagika. Kama umbo lake la asili ndilo lililolisaga, kulirejesha ni kuitengeneza upya sababu ya ugonjwa. Jibu la kawaida ni kwamba vijana wa Ubelgiji wenye tege hawakuwa wagonjwa, na ni kweli, ila walikuwa na miaka ishirini na kitu; hatujui magoti yao ya miaka sitini. Jibu la maana zaidi lilitoka kwa Samuel MacDessi wa Sydney na wenzake, waliochapisha mwaka 2021 mpangilio wa aina tisa za magoti kwa kulinganisha magoti 500 yenye afya na 500 yaliyosagika. Aina iliyoongoza ilikuwa ile ile katika makundi yote mawili: mguu ulionyooka wenye uwazi wa goti uliolala mshazari kuelekea ndani, asilimia 39 kwa wenye afya na 32 kwa wagonjwa. Wagonjwa wengi, kwa hiyo, hawakuugua kwa sababu ya umbo la ajabu. Waliugua wakiwa na umbo la watu wengi. Hata hivyo pingamizi halijafa. Linabaki na nguvu kwa wale walio kwenye kingo za mpangilio, na kwa hao kumbuka kwamba plastiki haina uhai: gegedu inayobebeshwa mzigo hujilisha na kujirekebisha kidogo kwa miaka, polithini na saruji hazijui kufanya hivyo.

Mpango wa MacDessi una faida nyingine iliyofichua udhaifu wa swali letu la mwanzo. Mstari wa nyonga hadi kifundo unaweza kupita katikati ya goti kwa njia nyingi. Muundi ulioinamia ndani nyuzi 4 na paja lililopinda nyuzi 4 upande wa pili vinatoa sifuri. Mifupa yote miwili iliyokatwa pembe mraba inatoa sifuri ile ile. Na magoti hayo mawili hayafanani hata kidogo kwa kano zinazoyashika. Utafiti wa Indiana wa mwaka 2011 uliofuatilia zaidi ya magoti 6,000 ulionyesha hatari ya kuridhika na jumla. Bandia zilizoharibika zaidi, asilimia 8.7, zilikuwa zile ambazo muundi uliinamia ndani huku paja likiwa limepindishwa nyuzi 8 au zaidi upande wa pili. Pale kipande kimoja kilipowekwa vibaya na cha pili kikapindishwa kufidia ili mguu uonekane umenyooka, fidia hiyo haikulinda sawasawa: paja lililozidishwa likafidiwa kwa muundi liliharibika kwa asilimia 7.8. Kundi hilo hilo la Indiana lilikuwa limeonya mwaka 2004 kwamba muundi ukiinamia ndani zaidi ya nyuzi 3, mfupa ulio chini ya bandia upande huo huwa hatarini kubonyea. Ushahidi huu unawauma wafuasi wa timazi, kwa kuwa unaonyesha mguu mnyoofu unaoficha goti bovu. Unawauma pia wafuasi wa maumbile, kwa kuwa muundi ulioinama na paja lililofidia ndiyo hasa sura wanayoirudisha, ikikuzwa kidogo.

Nadhani suluhisho la heshima limo katika kuacha kulenga nukta na kuanza kulinda mipaka. Pascal-André Vendittoli wa Montreal alifikiri hivyo alipotunga upangaji wa kikinematiki wenye mipaka: rudisha umbo la mgonjwa, lakini mguu mzima usizidi nyuzi 3 upande wowote, na kipande chochote kisizidi nyuzi 5. Aliye ndani anabaki alivyo. Aliye nje anasogezwa hadi ukingoni, hasukumwi hadi sifuri. Utaona kwamba nyuzi 3 za zamani zimerudi, ila kazi yao imebadilika: hapo kale zilikuwa kiasi cha kosa kinachovumilika kuzunguka shabaha moja, sasa ni uwanja ambao ndani yake kila mtu ana shabaha yake. Mtu anaweza kulalamika kwamba namba hizi zimechaguliwa kwa busara kuliko kwa kipimo, na atakuwa na haki. Kwa nini 5 na si 4? Hakuna jaribio lililolijibu hilo. Lakini sifuri nayo ilichaguliwa kwa busara, na ilichukua miaka 36, tangu total condylar hadi utafiti wa Mayo, kupata mtihani wake wa kweli. Kati ya mpaka ambao unakiri kuwa makadirio na shabaha inayojifanya sheria ya maumbile, wa kwanza ni rahisi kuurekebisha.

Roboti zimeingia katikati ya mjadala huu na kuuvuruga. Zinauzwa kwa ahadi ya usahihi, na usahihi zinao: mkato unaokusudiwa nyuzi 2 unakuwa 2. Kwa hoja yetu hilo ni jambo kubwa, maana lililomshinda Hungerford lilikuwa kosa la vifaa, na kosa hilo sasa linaweza kupunguzwa. Lakini usahihi ni kufika ulikotaka kwenda. Hauchagui pa kwenda. Jaribio la Korea lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa wapatao 1,400 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 13, lililinganisha roboti ya kizazi cha awali na upasuaji wa mkono, na halikukuta tofauti ya utendaji wala ya uhai wa bandia. Kwa upande mwingine, rejista ya kitaifa ya Australia ilionyesha mwaka 2015 kwamba kwa wagonjwa wa chini ya miaka 65, matumizi ya kompyuta kuongoza mikato yalishusha marudio ya miaka tisa kutoka asilimia 7.8 hadi 6.3. Sioni mgongano hapo. Kwa wagonjwa wa umri huo, wenye miaka mingi ya kuitumia bandia na nguvu za kuitesa, kupunguza makosa ya kupindukia kuna faida, na hilo ndilo wazo la mipaka likizungumza kwa namba. Siku hizi roboti zinatumika kwa upangaji unaoitwa wa kiutendaji, ambapo mvutano wa kano hupimwa kabla ya kukata na mikato ikasogezwa nyuzi moja moja hadi nafasi zilingane. Wazo linavutia. Wasiwasi wangu ni kwamba mvutano unapimwa mgonjwa akiwa amelala, misuli imelegezwa na dawa ya usingizi, na kano za upande uliougua zikiwa zimezoea ugonjwa.

Kuna jambo linalosahauliwa katika joto la nyuzi. Ule utafiti wa Ontario uliozaa takwimu ya mmoja kati ya watano ulitafuta pia sababu, na iliyoongoza kwa mbali ilikuwa matarajio yasiyotimizwa; mgonjwa ambaye matarajio yake hayakutimia alikuwa na uwezekano wa kutoridhika zaidi ya mara kumi. Upangaji haumo kwenye orodha ile, kwani haukupimwa, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hauhusiki. Tunachoweza kusema ni kwamba anayeahidi kuifuta asilimia 19 yote kwa kubadilisha pembe ya msumeno anauza zaidi ya alichonacho. Kwa Waislamu wa pwani na bara, kwa mfano, swali la kwanza baada ya upasuaji mara nyingi ni sala. Kukaa juu ya visigino kunahitaji goti likunjike zaidi ya nyuzi 140, ilhali goti bandia kwa kawaida huishia kati ya 110 na 125. Zile nyuzi 8 za Phoenix ni faida ya kweli kwa anayeingia kwenye gari au kuinuka kitini, lakini hazimfikishi mtu kwenye kikao cha sala, na ni bora aambiwe mapema kwamba atasali akiwa kitini.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mjadala huu una uzito wa aina yake. Upasuaji huu unafanyika hapa, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na wagonjwa wengine bado wanasafiri kwenda India, ambako watakutana na matangazo ya roboti kabla ya kukutana na daktari. Sehemu ya gharama ya mbinu hizi haitokani na wazo lenyewe. Kalipa ni ya bei ndogo, na picha ya mguu mzima, kabla na baada, ni nafuu kuliko roboti yoyote. Bila picha hiyo hakuna anayeweza kujua mgonjwa alikuwa na umbo gani wala alitoka na lipi, na mazungumzo yote ya kurudisha maumbile yanakuwa ya kukisia. Tena namba zote nilizozitaja zimetoka Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Asia, Australia na New Zealand. Malawi ilianzisha rejista ya kitaifa ya viungo bandia mwaka 2005, ikitangulia nchi nyingi tajiri kuliko yenyewe, na rejista ya namna hiyo ingewafaa majirani zake ikiwa itaandika pia umbo la goti pamoja na tarehe na aina ya bandia.

Kisha kuna magoti ambayo mjadala hauyafikii. Mgonjwa anayechelewa kufika hospitali, kwa umbali au kwa fedha, anaweza kuja na tege la nyuzi 20, mfupa wa ndani wa muundi umeliwa, kano ya nje imerefuka kwa kuvutwa miaka mingi. Kalipa haiwezi kumwambia daktari goti hilo lilikuwaje, kwa kuwa kilichoondoka si milimita 2 za gegedu tena. Hakuna anayerudisha nyuzi 20, na hakuna mwenye mipaka ambaye mipaka yake inazifikia. Daktari atalegeza kano ya ndani hatua kwa hatua, ataujazia muundi pengo kwa mfupa au metali, pengine ataweka shina linaloingia ndani ya mfupa na bandia inayojishikilia yenyewe badala ya kutegemea kano. Na katika goti hilo hesabu ya Montreal na hesabu ya New York ya mwaka 1974 zitampeleka karibu mahali pamoja.